Mama Mkwe wa Safu ya Tisa

"Lorenz, nani amekaa kwenye kiti chako?"

Tilla aliniuliza hivyo akiwa amejibanza kati ya pazia na ukuta, vifungo vya mgongoni havijafungwa. Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, mapumziko baada ya sehemu ya kwanza. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikigongomea mguu wa meza ya mchezo.

"Mama yako," nikasema.

"Mama yangu yupi?"

"Kwani una mama wangapi?"

Hakucheka. Akainama, akanipokonya nyundo mkononi, akaiweka chini taratibu kama anaweka yai.

"Mama si mwanachama, Lorenz."

"Najua. Nimempa kadi yangu."

Hapo akafumba macho.

Mchezo ule serikali ilikuwa imeunyima kibali. Eti unachochea. Ulihusu nini? Mshona makoti na mtoto wake mgonjwa, basi. Jumba lolote la Berlin lenye kuuza tiketi lisingethubutu kuuonyesha. Ndiyo maana sisi wafanyakazi tulianzisha chama chetu cha maigizo, cha wanachama peke yao. Hatukuuza tiketi. Kila mtu alichovya mkono kwenye mtungi akatoa namba ya kiti, awe mpiga chapa au mwenyekiti mwenyewe. Kadi ilimwingiza mwanachama au jamaa yake mmoja. Akiingia mgeni mmoja tu, mchezo unakuwa wa hadhara, na wa hadhara bila kibali unafungwa siku hiyohiyo, waigizaji wanalala kituoni. Kila onyesho polisi walimtuma mkaguzi akae mbele kutuchunguza.

"Ulikuwa na akili gani?" Tilla akaniuliza.

"Mama yako kanikataa miaka miwili. Wewe una miaka ishirini na miwili, hujafika ishirini na minne ya kisheria, baba yako amefariki, msajili wa ndoa hatugusi bila ridhaa ya mama. Kila nikienda ananiambia haozeshi binti kwa watu wanaokumbatiana mbele za watu. Nikamwambia njoo uone."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia ungekataa."

"Ndiyo maana watu huulizwa, Lorenz. Ili waweze kukataa."

Nikamwambia lile nililokuwa nalo: Mwenyekiti Stamm aliniruhusu. Nilimfuata kabla, kofia mkononi, akanipiga bega akasema, "Mlete tu, Kubicki. Mtungi nashika mimi, nani atajua?" Bwana msomi, mwandishi wa magazeti. Tangu hapo nimejifunza: wakubwa ruhusa zao ni za mdomo, adhabu zao ndizo za karatasi.

"Stamm katoka kuniambia hajui lolote," Tilla akasema. "Kasema umeingiza mtu kwa siri."

"Anadanganya."

"Mmoja wenu anadanganya. Na wewe ndiye uliyenificha."

Akasogea kwenye tundu la pazia, akachungulia. Nikaona mabega yake yanakakamaa.

"Mkaguzi ameinuka. Hakukagua kadi kuanzia safu ya mbele. Anakwenda moja kwa moja safu ya tisa." Akanigeukia. "Miezi mitano nashona makoti mchana kutwa, jioni nakariri maneno haya mpaka jirani ananigongea ukuta. Wakifunga leo, mimi na wewe tumekwisha. Sisemi kwa hasira. Nakuarifu."

Nikachungulia na mimi. Mama Brennecke alikuwa ameketi wima, kofia ya kanisani kichwani, mkate wa siagi umefungwa kwenye leso mapajani. Mbele yake kasimama Mkaguzi Pohle, kofia yake ya chuma kaikumbatia kwapani. Kila mtu ukumbini aliitazama kofia ile. Polisi akishaivaa, mkutano umevunjwa, huhitaji kuambiwa mara ya pili.

"Kadi hii inasema Lorenz Kubicki, seremala," mkaguzi akasema. "Wewe ndiye Lorenz?"

"Nafanana naye?" Mama Brennecke akamjibu.

Watu wakacheka kidogo, wakakoma.

Stamm alikuwa pembeni yake, anafuta miwani. "Bwana Mkaguzi, tunasikitika mno. Ni kosa la mtu mmoja, fundi wetu. Mchukueni yeye, wengine wasiumie."

Nilipita mbele ya pazia na vumbi la mbao nguoni.

"Kadi ni yangu," nikasema. "Nimempa mimi."

"Vizuri. Huyu mama ni jamaa yako?"

Nikisema ndiyo, nimemdanganya polisi. Nikisema hapana, nimeufunga mchezo. Mkaguzi akaishusha kofia kutoka kwapani, akaishika kwa mikono miwili. Akamgeukia mama.

"Wewe useme. Kijana huyu ni nani wako?"

"Huyu?" Mama akanipima kwa macho. "Huyu hunijia mlangoni kila mwisho wa mwezi, nami namfukuza."

"Jibu swali. Ni jamaa yako?"

"Inategemea."

"Sheria haina inategemea, mama."

Sauti ya mzee mmoja mpiga chapa ikatoka juu, viti vya roshani: "Wachumba ni jamaa, Bwana Mkaguzi. Imeandikwa kwenye sheria yenu, mimi niliipiga chapa."

"Kimya huko. Wachumba na wakwe ndiyo, kama upo uchumba." Pohle akamkazia macho mama. "Binti wa umri huo hachumbiwi bila mzazi. Umeridhia au hukuridhia?"

Miaka miwili nilikuwa nikilitafuta jibu lile, na sasa linaombwa na polisi mbele ya watu mia nane. Mama Brennecke akaufungua mkate, akautazama, akaufunga tena.

"Nilikuja hapa kuwaaibisha," akasema. "Nilidhani wanawake wa huku wanauza sura. Nimemwona binti yangu katugeuzia mgongo muda wote ule, anashona. Hakututazama hata mara moja. Ameng'ata uzi kwa jino la pembeni, vile ninavyong'ata mimi. Sikujua kama yupo mtu aliyewahi kuniangalia nikifanya kazi." Akalinyooshea kidole daftari la mkaguzi. "Andika nimeridhia."

"Na binti?"

Pazia likafunguka kidogo, Tilla akatoka. Uso wake ulikuwa mweupe, na haukuwa mweupe wa poda.

"Bibi Ottilie Brennecke," Pohle akamwita kwa jina lake la karatasi. "Huyu ni mchumba wako?"

Akaniangalia, nikaona hesabu yote machoni pake: akisema hapana, mchezo wake umekufa, akisema ndiyo, amefungwa na mtu ambaye yeye mwenyewe ametoka kumwambia tumekwisha.

"Msimuulize," nikasema. "Mama ameingia kwa kosa langu. Nipelekeni."

"Huulizwi wewe, Kubicki."

"Nasema nipelekeni."

"Mwanangu," Mama Brennecke akaingilia, akimgeukia Tilla, "kabla hujafungua mdomo wako, sikia na hili. Sasa hivi wakati wa mapumziko nilikwenda mlangoni kupata hewa. Huyu bwana wa miwani nilimsikia anamnong'oneza mkaguzi: safu ya tisa, kiti cha nne, mchukueni huyo na fundi, sisi mtuache."

Ukumbi ulichemka. Mtu akapiga kiti teke.

"Nilikuwa naokoa chama," Stamm akasema. "Nimesikia polisi wana habari ya mgeni. Ilibidi nitoe kitu."

"Ulimruhusu Lorenz amlete mama?" Tilla akamuuliza, sauti ya chini.

"Hapa si mahali pake."

"Ulimruhusu?"

"Tulizungumza. Mazungumzo si ruhusa."

Tilla akamwacha kama mtu anavyoacha ndoo iliyotoboka.

"Bwana Mkaguzi, andika ni mchumba wangu. Na uandike pia kwamba hajasamehewa."

"Hilo la pili halina nafasi kwenye daftari," Pohle akasema. Akaandika. Alichukua muda mrefu mno kuandika maneno machache vile. Kisha akarudi kwenye kiti chake cha mbele, akaketi, akaiweka kofia gotini.

Tulifungua pazia.

Mchezo ulipokwisha na watu wanashangilia, nilibaki nyuma nikikusanya misumari. Tilla akaja na shali mabegani. Akanisaidia kuokota mpaka misumari ikaisha.

"Ulisema vile kuuokoa mchezo?" nikauliza.

"Nusu."

"Na nusu iliyobaki?"

"Kwanza nijibu wewe. Kwa nini ulitaka wakupeleke kabla sijajibu?"

"Jibu la mbele ya polisi si jibu. Na nilikuwa nimeshakunyima kuulizwa mara moja."

Akaketi kwenye meza niliyoitengeneza. Ikamstahimili.

"Basi hapa hakuna polisi," akasema. "Uliza."

Nikauliza. Akasema ndiyo, halafu akasema nikimficha tena jambo linalomhusu atanigongomea kwenye ukuta wa jukwaa kwa misumari yangu mwenyewe.

Tulioana Jumanne, wiki ya nne baada ya pale. Mama Brennecke alitia alama yake kwa msajili, akatupikia viazi na samaki wa chumvi. Stamm alibaki mwenyekiti. Wakubwa hawaanguki, husogea tu pembeni upepo upite. Siku ya arusi alituma barua nzuri, mwandiko wa kupendeza:

"Chama kinajivunia muungano wenu, uliozaliwa chini ya paa letu."

Tilla aliisoma mara mbili, kwa sauti, maana mimi kusoma kwangu ni kwa kukokota. Akaikunja.

"Ndani yake hakuna samahani hata moja," akasema.

"Tumjibu nini?"

"Tusimjibu. Tule."

Nilikaa naye miaka kumi na moja. Vumbi la sufu za makoti lilimla mapafu, na wenye viwanda hawakuwahi kufungua dirisha. Watu wa chama walikuja mazikoni, Stamm akataka kuhutubia kaburini. Mama Brennecke, mzee wa kushikwa mkono, akamtazama akasema, "Bwana, leo utakaa nyuma." Naye akakaa nyuma.