Tundu la Hewa Moto

Akitoka shuleni, Emérence hakuwa na muda wa kuzubaa. Alivua sare, akala viazi vilivyobaki, akajitwika maharage ya mama yake na kushuka hadi kwenye nyumba ya mashine, kando ya mfereji. Mvua ilikuwa imeng'ang'ania vilima vya Kingi wiki mbili nzima, na maharage yalianza kuota yangali ndani ya maganda. Yakioza hayo, mbegu za msimu ujao zingetoka wapi?

Ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na mashine ishirini za ushirika wa kijiji, kila moja kama boksi la viatu. Zilipiga hesabu usiku na mchana kutafuta bitcoin, pesa ya mtandaoni, kwa umeme wa turbini ndogo ya mtoni. Kazi hiyo huzitoa jasho hasa. Feni zilivuta hewa baridi mbele, zikatupa hewa moto nje kupitia tundu kubwa la ukuta wa nyuma. Hapo ndipo Emérence alipotundika mafungu yake ya maharage, yakakauka vizuri kabisa. Aliyaondoa saa kumi na moja, kabla baba yake, Papa Kanyamibwa, aliyekuwa fundi wa mashine, hajarudi kutoka shamba la mihogo. Hakumwambia mtu, aliona ni joto la bure tu.

Siku hizohizo mashine zikaanza kulegea. Kila alasiri kazi yake ilishuka hadi nusu. Papa Kanyamibwa akapangusa vumbi, akakaza nyaya, akabadilisha feni mbili, wapi! Kila alipofika, zilikuwa zimeshapata nafuu. Basi macho ya kamati ya ushirika yakamwangukia Papa Esdras, mlinzi wa mfereji uliopeleka maji kwenye turbini. Ikasemwa kwamba mchana huenda kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, majani yanaziba mfereji, na umeme unapungua. Esdras alikana mpaka sauti ikamkauka. Jumapili baada ya ibada angefukuzwa.

Emérence hakukubali. Élie, mtoto wa Esdras, alikaa naye dawati moja, na wiki hiyo hakuwa akiinua kichwa. Jumamosi jioni Emérence akachukua daftari ambamo baba yake aliandika joto la mashine kila saa, kama simu yake ilivyolionyesha. Joto lilipanda saa nane, likashuka saa kumi na moja. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu, kila siku vilevile. Jumapili tu halikupanda.

Jumapili yeye hakuanika maharage.

Angeweza kunyamaza na kuacha kuanika, na mashine zingepona zenyewe. Lakini watu wangesema zimepona kwa sababu Esdras ameondoka. Wazo hilo lilimchoma kuliko hofu ya fimbo.

Kesho yake akatokea mbele ya kamati, iliyokutana kwenye nyumba ya mashine, na mafungu ya maharage kichwani.

"Papa Esdras hana kosa," alisema. "Njo mimi niliziba tundu."

Mama Libérata, mkuu wa ushirika, akadhani mtoto anamwonea jirani huruma tu. Emérence hakubishana. Akatundika mafungu tunduni, akamwomba baba yake aangalie simu. Hewa moto ikakosa pa kutokea, joto likapanda, na muda si mrefu mashine zikapunguza kazi ili zisiungue. Akayaondoa; joto likashuka. Akarudia tena, ikawa vilevile.

Esdras akayapapasa mafungu. "Na maharage, yalikauka?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Libérata akamwomba Esdras msamaha mbele ya wote, naye Papa Kanyamibwa akapima hatua tatu kutoka tunduni. Hapo wakajenga uchaga wa mianzi, ambapo joto lingefika bila hewa kuzibwa. Kuanzia siku hiyo kijiji kizima kiliruhusiwa kuanika.

Wakati wa kurudi nyumbani, Esdras alimshika Emérence bega.

"Kuziba tundu haikuwa dhambi, mwanangu, hukujua. Lakini ungenyamaza leo, mashine zingepona, na mimi ningeitwa mlevi mpaka nife. Ukiona kosa ni lako, liseme mapema, kabla halijapewa jina la mtu mwingine."