Sauti Inayoita Mara Moja

Haya yalitokea kwetu Mkonze, Jumamosi ya jua kali, nguo zikiwa kambani. Sikusimuliwa na mtu, nilikuwepo.

Kaka yangu Ebenezer alikuwa akitengeneza gemu ya kompyuta, ya kutisha, inayokwenda kama filamu. Mtoto anamtafuta mama yake katika nyumba iliyohamwa. Mama anaita kutoka chumba cha ndani, na mchezaji anachagua: kuitika au kunyamaza. Wazo alilitoa kwa bibi. Bibi alitukataza kuitikia sauti ya mtu tusiyemwona mpaka iite mara tatu, kwa kuwa wafu huita mara moja tu.

Ebenezer alitaka sauti ya kweli. Mama yetu alikuwa kitandani, siku ya nne ya homa.

"Violeth, sogeza simu mdomoni," aliniambia. Nikaisogeza. "Mama, rudia. Ita kwa kuchoka zaidi."

"Ebenezer," mama aliita. Kisha akanong'ona, "Wanangu, nipelekeni hospitali."

"Kesho, mama. Bado mara moja tu."

Maneno ya hospitali aliyakata kwenye rekodi, akabakiza jina lake. Kesho yake tulimpeleka, tukiwa tumechelewa. Sijamsamehe Ebenezer, wala sijajisamehe.

Jumamosi hiyo, mwezi mmoja baada ya mazishi, aliifungua gemu sebuleni. Mimi nilikuwa nikipiga pasi. Spika nilikuwa nimezichomoa ili nipate soketi.

Kwenye kioo cha kompyuta mtoto alitembea. Mlango ukafunguka.

"Ebenezer."

Haikutoka kwenye kompyuta. Ilitoka chumbani kwa mama. Mara moja.

Nilimrukia nimzibe mdomo. Nilichelewa. Aliitika kama tulivyolelewa.

"Naam, mama."

Akainuka, akaingia chumbani. Nilimkuta ameketi kwenye kitanda kitupu, macho wazi. Hajatamka neno tena. Daktari anasema koo lake ni zima.

Jana niliwasha kompyuta niifute ile gemu. Nikakuta rekodi mbili mpya, zote za Jumamosi ile. Ya kwanza ni ya Ebenezer: "Naam, mama."

Ya pili ni ya mama, amechoka vilevile tulivyomtaka achoke.

"Violeth."

Tangu jana nimeuma upindo wa kanga nisije nikaitika. Ni uchungu mtupu, kwa sababu nimemkumbuka sana mama.