Bahasha Iliyorudi Mara Tisa

Jioni ile nilikwenda studio kufuata mabeseni. Mke wangu alikuwa amechoka kufulia kwenye ndoo, na alishanisema siku tatu mfululizo kwamba mabeseni mazima matatu yanakaa bure kwenye chumba cha giza, yanasubiri wateja waliohamia kwenye simu zamani. Alisema kweli. Miezi miwili sikuwa nimesafisha hata filamu moja. Mashine kubwa nilishaiuza kama chuma chakavu. Mwenye nyumba naye alishapata mpangaji mpya, fundi wa simu, ambaye kila akipita ananipa pole kana kwamba nina mgonjwa ndani.

Nilifungua mlango, nikapita kaunta, nikainama kuokota beseni la kwanza.

"Fundi."

Niligeuka. Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama kwenye kaunta. Gauni la kijivu, limepigwa pasi vizuri. Bahasha ameishika kwa mikono miwili. Mlango wangu una bawaba zinazolia, mtaa mzima unazijua, lakini sikusikia kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bado unasafisha?"

"Nafunga, mama. Nimekuja kuchukua vyombo tu."

"Basi hujafunga."

Aliweka bahasha juu ya kaunta. Nimepokea filamu za posta miaka mingi. Watu walizituma kutoka miji ya mbali, na picha zao tukawarudishia kwa njia ileile. Lakini bahasha kama ile sijawahi kuiona. Haikuwa na nafasi tupu hata ya kidole. Stempu juu ya stempu, anwani zimekatwa na kuandikwa upya, na kila mahali mihuri. *Mpokeaji hayupo. Studio imefungwa. Rudisha kwa mtumaji.*

"Nimeituma mara tisa," alisema kwa sauti ya chini. "Kila niliyemtumia, ilipofika, alikuwa amefunga. Ukabaki wewe."

"Nani alikuelekeza huku?"

"Mwenye filamu."

Sikuuliza zaidi. Ningesema hapana, nichukue mabeseni yangu niende nyumbani, mambo yakaishia hapo. Lakini fundi akiletewa filamu ya mwisho, mkono unamwasha. Chupa za dawa zilikuwa bado rafuni, zimebaki robo robo. Nikamwambia akae kwenye benchi.

"Naingia nawe," alisema. "Kila nikiiacha, inarudi. Leo siiachi."

Chumba changu cha giza ni kidogo, hata paka akiingia utamkanyaga. Nilipanga mabeseni mezani: la kwanza dawa ya kutoa picha, la pili maji, la tatu dawa ya kukaza picha isifutike. Nilimweleza kwamba mpaka filamu ipite beseni la tatu, mwanga wowote, hata wa kupepesa jicho, unaifanya yote iwe nyeusi tititi. Hata taa nyekundu hairuhusiwi.

"Najua," alisema. "Mwanangu alikuwa mpiga picha."

Nikazima taa.

Giza la chumba kile si la kawaida. Ukiweka kiganja puani hukioni. Nilivunja kikopo, nikatoa filamu, nikaishika ncha mbili na kuanza kuipitisha kwenye dawa. Juu, chini. Juu, chini. Chwa... chwa... Kazi ya dakika nane, na mimi huhesabu kwa sauti ili nisipotee.

"Thelathini na moja. Thelathini na mbili..."

Harufu ya dawa ilipanda. Kisha nikasikia nyingine chini yake. Harufu ya ngozi iliyoloana.

"Hamsini na tisa. Sitini."

"Sitini," alisema mtu.

Sauti ya mwanamume. Karibu na sikio langu la kulia.

Mikono yangu iliendelea yenyewe, kwa mazoea. Mama yule alikuwa kushoto kwangu, nilimsikia akipumua taratibu. Mimi nilikuwa nahema. Na palikuwa na pumzi ya tatu.

"Usimwogope," mama alinong'ona. "Anafuatilia kazi yake tu."

"Mama... ni nani?"

"Alikuwa anapiga picha za watu barabarani, pale penye njia panda ya kiwanda cha matofali. Siku ile alikuwa anarudi nyumbani, jua linazama. Gari dogo la mizigo, rangi ya bluu, likamfuata pembeni kabisa mwa barabara, likamgonga. Dereva alishuka, akamtazama, akapanda, akaondoka. Mwanangu alikufa saa mbili baadaye, na kidole bado kiko kwenye kamera. Alipiga mpaka mwisho, fundi. Sura ya yule mtu imo humo mkononi mwako."

Chwa... chwa...



Miaka kumi na moja iliyopita kaka yangu aliendesha gari dogo la mizigo, rangi ya bluu. Njia yake ilikuwa ileile, ya kiwanda cha matofali. Jioni moja alirudi na taa moja imepasuka. Alisema amegonga mbuzi. Nilileta ndoo ya maji nikamsaidia kuosha. Kwenye bampa palikuwa pamenasa kipande cha mkanda wa ngozi, na mimi nikakivuta. Mikanda ile naijua, nimeishika maisha yangu yote. Hakuna mbuzi anayevaa mkanda wa kamera. Kaka alinitazama, nami nikamtazama. Nikakitupa chooni, tukaendelea kuosha.

Huyo ndiye kaka aliyenilea baba alipofariki. Studio hii alinifungulia yeye.

"Mia mbili na kumi," ilisema ile sauti. Mimi nilikuwa nimeshaacha kuhesabu.

"Na ukishamwona, mama?" niliuliza. "Utafanya nini?"

"Nitapeleka picha polisi, basi. Afungwe kama wanavyofungwa wengine, akitoka, atoke. Mwanangu hataki hivyo. Ana hasira, tangu siku ile hajalala. Mimi ndiye niliyemzuia. Nimemwomba aniachie kwanza nijaribu kwa sheria. Nikishindwa, namwachia yeye."

Nilielewa kila neno. Nataka hilo lijulikane, nisije nikajifanya sikusikia. Lakini nilimfikiria kaka amevaa nguo za jela, na watoto wake wadogo wakimtazama kupitia wavu. Nikajiambia kwamba hasira ya marehemu ni maneno ya mama mwenye uchungu. Nikajiambia ile sauti ni woga wangu.

Swichi ilikuwa nyuma yangu, usawa wa bega.

Niliachia ncha moja ya filamu.

Nikawasha.

Filamu ilibadilika mbele ya macho yangu. Kijivu... kijivu kizito... nyeusi. Kutoka mwanzo mpaka mwisho, nyeusi.

Tulikuwa wawili tu chumbani.

"Imeungua, mama," nilisema. Ni uongo wa zamani wa studio zote, tuliwaambia wateja hivyo kila tulipowaharibia. "Ilikuwa ya zamani mno. Imekufa kabla sijaigusa."

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya swichi. Aliutazama. Hakulia wala hakunitukana, na ningefurahi kama angenitukana. Aliinua macho akatazama juu ya bega langu la kulia, kwa upole, namna mama anavyomtazama mtoto aliyesubiri sana.

"Basi, mwanangu," alimwambia. "Mimi nimeshindwa. Sasa ni lako."

Sikugeuka.

Alikunja bahasha yake akatoka. Safari hii bawaba zililia. Nilibaki nimeegemea meza, nikijipongeza kijinga kwamba nimemwokoa ndugu yangu. Haikupita dakika, simu ikaita. Alikuwa kaka.

"Mdogo wangu, huko kwako kuna umeme?"

"Upo."

"Hapa umekatika ghafla. Giza la ajabu. Naita watu wawashe hata mshumaa, hakuna anayesogea."

Nyuma ya sauti yake nilisikia televisheni.

Nilisikia na watoto wake wakiicheka. Kisha mkewe akiuliza, karibu kabisa na simu, "Baba, mbona unapapasa ukuta?"

Tumezunguka hospitali nne. Madaktari wamemmulika, wamempima, wanasema macho ni mazima kabisa. Mmoja alimuuliza kama kuna jambo linalomsumbua moyoni. Kaka akajibu hakuna. Bado alikuwa anasema mbuzi.

Niliikumbuka anwani ya mtumaji kwenye ile bahasha, nikaenda. Mama alinifungulia mwenyewe, yuko hai, mzima, alikuwa anachambua mboga. Nilipiga magoti mlangoni. Nilimwambia nitakwenda polisi leo hii, nitasema yote, gari, ndoo, mkanda. Nilimwambia kaka naye atakiri, nitamlazimisha. Amwambie tu mwanawe aache.

"Ungesema gizani, ningekusikia," alinijibu. "Ule ulikuwa wakati wangu. Mimi sina neno tena, baba. Mwenye neno ni yeye."

Akarudi kwenye mboga zake.

Polisi nilikwenda hata hivyo. Waliandika, wakauliza ushahidi uko wapi. Niliwapa kipande cha filamu nyeusi. Askari alikishika kwenye dirisha, akakigeuzageuza, akanirudishia.

Sasa kaka anakaa kwangu, mkewe alishindwa. Si upofu uliomshinda. Anasema asubuhi anamwamsha vizuri, anamkalisha kitini, akirudi mchana anamkuta vilevile: mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, kidevu kimeinuka kidogo, anatazama kona ya chumba kama mteja anayesubiri kupigwa picha. Hali chakula, hakohoi, hajikuni hata nzi akimtua usoni. Ukimgusa anakuomba kwa kunong'ona umwache.

Jana jioni nilimpelekea chai. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka shingoni, na midomo imekauka. Nilichuchumaa mlangoni, sikutaka kukaribia ile kona.

"Kaka, nani anakukalisha hivyo?"

Alijibu bila kugeuza shingo.

"Ananiambia nisisogee. Kila nikisogea anaanza upya."

"Anaanza nini?"

"Kuhesabu," alisema. Chumbani pakaanza kunuka ngozi iliyoloana. Nilitaka kusimama niondoke, lakini taa ilipungua, au niliona mimi tu imepungua, na nikasikia kaka akivuta kiti chake pembeni kidogo, taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake.

"Anasema na wewe usogee," alinong'ona. "Tutoshe wote wawili."