Kopo la Maziwa na Mbio za Okomo

Kila asubuhi Selestina alianika dagaa juu ya miamba ya Pasiansi, kando ya ziwa. Wazuri aliwapeleka sokoni. Waliovunjikavunjika walibaki nyumbani. Lakini mwaka ule wa 1961, hata hao waliovunjika mwanawe Okomo hakupewa.

Okomo alisoma chuo cha ualimu, akilala nyumbani. Alikuwa mkimbiaji wa maili moja. Desemba, kwenye sherehe za Uhuru, chuo kingepeleka mkimbiaji mmoja tu mjini. Selestina alitamani awe mwanawe. Sokoni aliambiwa kwamba maziwa ya unga hujenga mwili haraka kuliko samaki. Basi akabadilisha dagaa wake kwa makopo ya maziwa. Okomo akawa anakunywa kikombe kikubwa asubuhi, na kingine kabla ya mazoezi.

Haukupita muda tumbo lake likaanza kunguruma. Likajaa gesi. Akaharisha.

"Mama, haya maziwa yananisumbua."

"Yanakusafisha, baba. Uchafu ukiisha utaona nguvu."

Selestina alikulia upande wa Mara, kwa mama aliyechemsha dawa za mizizi. Kwao, dawa ikiendesha tumbo, ndiyo imefanya kazi. Kwa hiyo akaongeza kijiko kingine cha unga.

Siku ya majaribio, Okomo alikimbia nusu ya njia tu. Akashika tumbo, akakata kona kuelekea vichakani.

"Okomo!" mwenzake Ngosha alipiga kelele. "Mbio zinaishia huku, siyo chooni!"

Wanafunzi wakacheka. Mwalimu wa michezo hakucheka. "Utajaribu mara moja tena," alisema. "Ukishindwa, ataenda Ngosha."

Jioni Okomo alikaa mlangoni. Selestina alikuwa akikoroga maziwa alipouona mkanda wa mwanawe. Ulikuwa umetobolewa tundu jipya. Akaacha kukoroga.

Jirani yao Bernadeta, muuguzi, alipita kuchukua dagaa. Okomo alimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekwisha hivi?"

Selestina akamweleza yote. Bernadeta alisikiliza mpaka mwisho.

"Kuna damu? Kuna homa?"

"Hapana," alijibu Okomo.

"Vingekuwapo, ningekupeleka hospitali sasa hivi. Tumbo huanza lini?"

"Nikishakunywa maziwa. Nisipokunywa, linatulia."

"Nimewaona watu wazima wengi wa namna hii. Maziwa si mabaya. Kliniki tunawapa watoto, na wanapata nguvu. Ila matumbo ya wakubwa wengine hayapatani nayo."

"Mimi nilidhani yanamsafisha," Selestina alisema polepole.

"Kuharisha hakumsafishi. Kunamtoa maji na nguvu. Anywe maji yaliyochemshwa, na maziwa ayaache. Tumbo likitulia, ajaribu kidogo tu, tuone. Tusibahatishe."

"Sasa mwili utajengwa na nini?"

Bernadeta akainua bakuli la dagaa alilokuja kuchukua. "Na hawa. Na maharage, na karanga. Wewe mwenyewe unavyo, Mama Okomo."

Selestina alitazama chini. "Basi mimi ndiye niliyemdhoofisha mwanangu."

"Ulimpa ulichoambiwa ni kizuri. Sasa tumwangalie anavyokwenda."

Okomo aliacha maziwa. Tumbo likatulia. Alipojaribu kikombe kidogo, lilinguruma tena, na hapo wote wakajua. Lakini mtindi kidogo haukumdhuru. Selestina alimpikia ugali na mchuzi wa dagaa, siku nyingine maharage yenye karanga. Alimlisha mapema, ili asikimbie akiwa ameshiba. Mashavu yakarudi taratibu.

Siku ya majaribio ya mwisho, Selestina alisimama pembeni mwa uwanja, kitenge amekikunja mkononi. Ngosha alitangulia. Walipofika pale kwenye vichaka, Selestina alifumba macho. Alipofumbua, Okomo alikuwa amevipita. Karibu na kamba ya kumalizia alimpita Ngosha kwa hatua moja.

Mwalimu akaliita jina la Okomo.

Ngosha alikuja akihema, akamwamkia Selestina. "Mama, huyu unampa nini siku hizi?"

Selestina alikikunjua kitenge chake.

"Nilichokuwa nauza," alisema.

Kesho yake alianika dagaa kama kawaida. Walipokauka, alichagua wazuri. Safari hii bakuli la nyumbani ndilo alilolijaza kwanza.