Maji Aliyoyameza Mama Ackson

Jumamosi hiyo Tukuyu ilikuwa Tukuyu ile ile: manyunyu, mikungu ya ndizi ikiteremshwa sokoni, na mitumba ikigombewa kando ya barabara, maana ilikuwa imeruhusiwa tena baada ya miaka ya viraka. Hezron, kapteni mstaafu, alimnunulia binti yake Tulia sweta la tatu. Mtoto alikuwa akitetemeka tangu Jumatano. Hospitali walimpima, wakasema hana malaria. Hana kitu. Lakini mwili wake ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni.

"Hiyo ni pumzi ya watu," alisema mkewe, Happyness. "Kuna mtu ana hasira nawe, ameifungia tumboni. Nenda kwa mama Ackson, aliyekunyima mkono msibani kwa mwanawe. Akiitamka hasira yake na kupuliza maji, mtoto atapona."

Hezron alifyonya. Lakini alikwenda.

Miaka mitatu nyuma, vitani Msumbiji, yeye ndiye aliyekuwa mshauri wa kikosi cha upelelezi: Ackson, kijana wa kijijini Kinyala, na vijana watano wenyeji wa Msumbiji. Siku moja walirudi wakihema. Njia ile ya mchanga mweupe imefukuliwa na kufukiwa, walisema, afadhali tuzunguke. Akawacheka.

"Mshauri hapa ni nani? Rudieni njia ile ile!"

Mabomu yalikuwa yametegwa. Hakurudi hata mmoja. Yeye alirudi na nishani.

Huko Kinyala alimkuta Esnath, mama yake Ackson, akimenya ndizi jikoni. Hakusimama.

"Ndaga, mama."

"Ndaga. Umenenepa, Kapteni."

"Mtoto wangu anaumwa, mama."

"Na wangu je, alipona?"

Hezron akapiga magoti. Ndipo hasira ikamfumuka yule mama. "Alikuambia njia imefukuliwa! Alikuambia! Ukamcheka!"

"Nani... nani amekusimulia?"

"Unadhani nani?"

Alilia mpaka akatulia. Akafuta uso kwa kanga, akachota maji kwa kikombe.

"Alikufa na nani?"

Hezron alitaka yaishe upesi. "Peke yake, mama."

Esnath akajaza maji mdomoni. Moto jikoni ukanywea. Baridi ikaingia, ikatulia mgongoni mwa Hezron. Mama, mashavu yamemjaa, akatazama mlangoni. Akatazama kwa muda mrefu.

Akameza.

"Mama!" Hezron alinong'ona. "Mbona umemeza?"

"Nitapulizaje? Hao watano wamesimama nyuma yako. Wamesikia ukiwakana."

Aligeuka. Mlango mtupu. Nje, majani ya migomba hayakutikisika.

"Waombe basi, mama. Waombe!"

"Mimi si mama yao."

Tulia alikata roho kabla baba yake hajafika nyumbani. Walimzika Jumapili karibu na migomba, katika udongo wetu huu mweusi, na kila mwombolezaji akatupia gao lake la udongo, kiganja kimoja.

Alfajiri ya Jumatatu Happyness alikwenda kaburini. Akamwita mumewe kwa sauti ndogo.

Juu ya udongo mweusi palikuwa na mafungu matano ya mchanga mweupe, kila moja kiasi cha gao la mkono mmoja.

"Ni nani hawa waliokuja kutuzikia?" aliuliza.

Hezron alichuchumaa. Akaugusa mchanga. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na mchanga ule ulikuwa mkavu.