Sauti Iliyofungiwa Ndani

Siku hiyo chumba cha kompyuta kilikuwa na mjinga mmoja tu, na kwa kuwa nilikuwa peke yangu, hakuna haja ya kumtafuta mbali.

Ilianza kama Ijumaa nyingine yoyote. Nilimwamsha mdogo wangu, nikamvalisha soksi mara mbili kwa sababu za kwanza alizivua, nikamfikisha chekechea, ambayo iko ng'ambo ya barabara, ikitazamana na shule yetu. Nyumbani tunamwita Sisimizi. Ni mdogo, ana haraka, na ukimwambia asubiri, anakuwa ameshaondoka kabla hujamaliza kusema. Mama hushona sare kiwandani na hatoki hadi jioni, kwa hiyo kazi ya kumchukua Sisimizi saa tisa ni yangu. Wiki iliyotangulia nilichelewa kidogo, nikamkuta amesimama peke yake ukingoni mwa barabara ya malori, anavizia nafasi ya kuchomoka. Mama aliposikia hakunigombeza. Alikula chakula chote kimya, na kimya cha mama yangu ni kizito kuliko fimbo. Tangu hapo kila asubuhi nilimwahidi Sisimizi kwamba saa tisa nitafika, mradi anisubiri getini.

Baada ya vipindi tulikuwa na klabu ya muziki. Mwalimu wa kompyuta alikuwa ametufundisha kuchukua kipande kifupi cha sauti, kukikata na kukirudiarudia mpaka kiwe mdundo. Jumatatu kila mmoja angecheza wake mbele ya darasa. Rafiki yangu Redio, anayeitwa hivyo kwa sababu hajapata kuzimwa, alirekodi wake kwa kuweka simu ya mwalimu mbele ya spika. Tulipousikiliza tulisikia mashine ya kukatia chuma ya fundi aliye nje ya ukuta wa shule, upande wa chekechea, honi ya lori, na Redio mwenyewe akikohoa. Alidai kwamba kikohozi ndicho kipande kizuri kuliko vyote.

Mwalimu alicheka huku ameshika shavu, maana jino lilikuwa likimsumbua tangu asubuhi. Alitueleza kwamba simu husikia chumba kizima. Anayetaka sauti safi huirekodi ikiwa bado ndani ya kompyuta, kabla haijafika kwenye spika. Akatuonyesha mahali pa kuchagua, ili sauti iingie moja kwa moja kwenye programu ya kurekodia. Kuanzia hapo spika hunyamaza, na anayesikia ni yule tu aliyevaa hedifoni.

"Ukimaliza, irudishe sauti kwenye spika," alisema. "Kila wiki kuna mtu anasahau, halafu anakuja kuniambia spika zimekufa."

Tulimcheka sana mtu huyo. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kipande nilichokitaka kilikuwa cha yule mama wa ndani ya kompyuta. Katika zoezi la kujifunza kuchapa, ukikosea herufi, kuna sauti ya mama mmoja mpole, mpole kama anakukaribisha maji ya kunywa, inayosema, "Si sahihi. Jaribu tena." Nilikuwa nimekosea mara nyingi kiasi kwamba nilimjua kama shangazi. Nilitaka kumfanya aimbe. Lakini muda wa klabu uliisha kabla sijamrekodi, na Redio, akitoka, aliniuliza kama Jumatatu nitaleta mdundo au nitaleta samahani.

Maneno hayo yaliniwasha. Siku hiyo zamu ya kufunga chumba ilikuwa yangu. Mwenye zamu hufagia, huzifunika kompyuta kwa vitambaa vyake, huhakikisha kila mtu ametoka, kisha humwambia mwalimu, naye huja kupiga kufuli mlango wa chuma. Nilijua kwamba Ijumaa mwalimu hunywa chai kwanza ndipo aje kufunga. Nikapiga hesabu zangu za kitoto: arekodiwe yule mama, nichomoke, na chai bado ina moto.

Nilimkuta mwalimu kwenye ngazi.

"Chumba kitupu, mwalimu," nilisema.

"Asante, baba," alinijibu, mkono shavuni. Aliingia ofisini, nami nikarudi chumbani kwa ncha za vidole. Nilikaa kwenye kompyuta ya nyuma kabisa, isiyoonekana kutoka mlangoni, nikavaa hedifoni, nikaielekeza sauti ndani, nikaanza kukosea herufi kwa makusudi. Yule mama alinikosoa kwa upole uleule. Nilimkata, nikampanga, nikampa mdundo chini yake. Aliimba vizuri mno. Nilitikisa kichwa kama mtu mwenye akili.

Nilichosahau ni kwamba mtu anayeumwa jino hanywi chai. Mwalimu alikuwa ameingia ofisini kuchukua mkoba tu, awahi kwa daktari. Baadaye aliniambia kwamba aliita mara moja mlangoni, "Kuna mtu?", na alipoona vitambaa na kimya, akafunga. Sikusikia mwito wala kufuli. Masikio yangu yalikuwa na mgeni.

Nilipovua hedifoni na kusukuma mlango, haukusogea. Nikasukuma kwa bega. Nikapiga teke, teke likaniumiza mimi. Mtandao nao ulikuwa umekatika, kwa sababu mwalimu huuzima akitoka, kwa hiyo hata ujumbe nisingeweza kutuma. Nilikwenda dirishani. Chumba kiko ghorofani, madirisha yana nondo, na vioo havifunguki, vimegandishwa kuzuia vumbi. Kioo kimoja kilichovunjika kilikuwa kimezibwa kwa karatasi ngumu.

Kupitia vile vioo niliiona chekechea. Saa tisa ilikuwa imefika, na watoto walikuwa wakichukuliwa. Sisimizi alikaa kwenye kizingiti cha geti na mkoba wake magotini, akitazama upande ninaotokea kila siku. Nilimpungia mkono. Hakutazama juu. Kwa nini atazame juu? Kaka yake hutokea barabarani, hatokei mawinguni.

Niliing'oa ile karatasi, nikaita kwa nguvu zangu zote. Fundi alikuwa akikata bomba, na mashine yake ilimeza jina la mdogo wangu kama mchuzi. Chumba kilianza kuwa kidogo. Nilikizunguka, nikarudi dirishani, nikakizunguka tena. Mwalimu wa chekechea aliingia ndani na mtoto mmoja aliyekuwa akilia. Sisimizi akasimama, akavaa mkoba mgongoni.

Nilijua anakokwenda.

Ndipo nikakumbuka spika kubwa za mkutano wa shule, zinazotunzwa humo chumbani. Nilizivuta mpaka kwenye lile tundu, nikaziunganisha na kompyuta yangu, nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikakagua waya, nikazipiga spika makofi, nikazitukana. Kwenye kioo cha kompyuta mistari ya sauti ilikuwa ikirukaruka, muziki unacheza, na hakuna kinachotoka. Nje, Sisimizi alikuwa ameshafika ukingoni mwa barabara.

Spika zimekufa, nilijisemea. Na papo hapo nikamsikia mwalimu akisema kwamba kila wiki kuna mtu.

Sauti ilikuwa imefungiwa ndani, pamoja nami, na aliyeifungia nilikuwa mimi. Kwa haraka nilibonyeza mahali pasipohusika mara mbili kabla sijaupata ule mpangilio. Nikairudisha sauti kwenye spika.

"SI SAHIHI," alinguruma yule mama mpole, mpaka nondo zikatikisika. "JARIBU TENA. JARIBU TENA. SI SAHIHI."

Fundi alizima mashine, akainua miwani yake ya kazi, akatazama juu kama mtu anayekaripiwa na mawingu. Sisimizi naye alisimama mguu mmoja ukiwa tayari hewani. Niliuzima muziki, nikaweka mdomo kwenye tundu.

"Fundi, mtoto! Mshike yule mtoto barabarani!"

Hakuuliza ni mtoto yupi. Aliruka mabomba yake, akamfikia Sisimizi, akamwinua kama kopo la rangi. Lori likapita, likiacha vumbi mahali alipotaka kukanyaga. Mimi nilikaa sakafuni.

Mwalimu alipigiwa simu akiwa kwenye foleni ya daktari. Alimwambia fundi akate kufuli, na yeye mwenyewe akarudi na jino lake. Mama naye aliomba ruhusa kazini, akafika na uzi bado umenasa kwenye mkono wa gauni. Walisimama mbele ya mlango uliofunguka, na mimi katikati, na Sisimizi juu ya bega la fundi.

Nilianza kwa kusema kwamba mwalimu ndiye aliyenifungia. Mwalimu hakupandisha sauti.

"Nilifunga chumba kitupu," alisema. "Nani aliniambia ni kitupu?"

Mama aliniambia maneno ambayo sijayasahau.

"Mwanangu, mwalimu hakuingia kukagua chini ya meza kwa sababu alikuwa na neno lako. Mdogo wako alikaa getini kwa sababu alikuwa na neno lako. Watu wanaegemea kile unachowaambia. Ukiwadanganya, hujui nani ataanguka, na leo kidogo aanguke asiyejua hata kuvuka barabara. Muziki wako ungengoja mpaka Jumatatu."

Hapo mtu mwenye busara angeomba msamaha, na kweli nilikuja kuuomba, kwa wote, na nikafagia karakana ya fundi Jumamosi nzima. Lakini siku hiyo bado nilikuwa yule mjinga wa mwanzo wa hadithi, na nilikuwa nimepata hoja niliyoiona kali. Nilieleza kwa kirefu kwamba niliposema chumba ni kitupu, mimi nilikuwa nje kwenye ngazi, hivyo kwa dakika ile chumba kilikuwa kitupu kweli, na kwa hiyo, tukipima mambo kwa haki, sikusema uongo hata kidogo.

Mwalimu alishika shavu. Fundi alitazama viatu vyake. Mama alifungua mdomo, lakini Sisimizi alimuwahi. Aliinama kutoka kwenye bega la fundi, akanitazama usoni, akasema taratibu, kwa upole wa mtu anayekaribisha maji ya kunywa:

"Si sahihi. Jaribu tena."