Upepo Ambao Byukusenge Hakuupima

Kila asubuhi kabla ya masomo, Byukusenge, msichana wa miaka kumi na miwili, alipanda kilima kilichokuwa nyuma ya shule yao huko Kingi. Aliangalia kitambaa cha kupimia upepo kilichofungwa juu ya mti mrefu, kisha akateremka na kuandika kwa chaki kwenye ubao wa kando ya barabara: mvua, jua, upepo. Wakulima waliusoma ubao huo kabla ya kuchoma magugu, maana mwaka huo mvua ilikatika mapema na majani yalikauka hadi yakavunjika mkononi.

Jumatano moja alichelewa kuamka. Alipofika shuleni, wenzake walikuwa wakiruka kamba uwanjani.

"Jana upepo ulikuwa mdogo," alijiambia. "Leo pia ni hivyo hivyo."

Akaandika "Upepo mdogo" bila kupanda kilima, akakimbilia kamba.

Saa nne moshi ulifunika bonde. Mama Godelieve, mjane aliyekimbia vita Ngungu na kupewa shamba na kijiji, alikuwa amechoma magugu yake. Upepo mkali ulibeba moto hadi kwenye ghala lake. Watu waliupiga kwa matawi mabichi. Walipouzima, mbegu zote za maharagwe zilikuwa majivu, na mbuzi wake wawili waliofungwa hapo walikuwa wamekufa.

Jioni watu walikusanyika kwa chifu.

"Nani anawasha moto mu upepo kama ule?" alifoka Papa Kanyamibwa, ambaye mihogo yake iliungua pia. "Anyang'anywe shamba!"

"Nilisoma ubao," alisema Mama Godelieve. "Iliandikwa upepo iko mudogo."

"Huyu hajui kusoma!" mtu mmoja alisema, na wengine wakacheka. Ubao ulikuwa umekwisha kufutwa.

Byukusenge alisimama kando ya mama yake. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Alisoma vizuri," alisema. "Ni mimi njo niliandika vile. Sikupanda kilima."

Kicheko kilikatika. Mama yake aliinamisha kichwa kwa aibu. Chifu akaamua: shamba libaki la Mama Godelieve, na kila nyumba ilete bakuli la mbegu. Kwa wiki mbili Byukusenge na mama yake walizoa majivu na kubeba matete, mpaka ghala jipya likasimama.

Siku ya mwisho msichana alipiga magoti mbele ya Mama Godelieve. "Mama, unisamehe."

"Nimekusikia, mutoto," alijibu Mama Godelieve, bila kumtazama. "Lakini wale mbuzi, nilikimbia nao toka Ngungu. Sina kingine cha kule. Uende nyumbani."

Byukusenge alitoka akilia. Mwalimu Léopold, mwalimu wake, alimkuta njiani.

"Ulisema ukweli mbele ya watu, na mama yule hakunyang'anywa shamba," alimwambia. "Hilo ulifanya vizuri. Lakini ukweli wako ulichelewa, na mbuzi hawarudi. Ukiandika jambo, kuna mtu atakuamini na kulifuata. Usiandike kamwe usichokiona kwa macho yako."